Punguzo Linaisha Alhamisi

Treni kutoka Lubumbashi iliingia Kindu Jumatatu saa nne asubuhi, imechelewa kiasi kwamba mbuzi waliopakiwa wangali wananyonya walishuka na ndevu. Mji mzima ulikuwa stesheni. Walikuwapo wasukuma baiskeli, wapokea ndugu na akina mama wa mikate ya mchele, na wengine wasiomngoja mtu yeyote, waliokuja tu kuiona treni kwa macho yao ili baadaye wasiitwe waongo.

Bulaimu alikuja kupokea paneli ya jua ya studio yake. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na saba, suruali ya kaki, shati jeupe lililofuliwa mpaka kola imelainika kama kitambaa cha kufutia miwani. Shingoni alivaa visikizio vikubwa vyeusi, ambavyo hata msikitini hakuvivua mpaka siku imamu alipokatisha hotuba na kumwangalia. Alikuwa akitafuta paneli yake kwa macho, huku miguu ikienda inakotaka.

"Papa, mguu wako uko juu ya samaki wangu."

Aliganda. Bulaimu aliishi kwa masikio, na sauti hiyo aliijua kabla hajageuka.

"Mwanvua."

Mwanamke aliyeketi juu ya mizigo aliinua uso. Alivaa kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, kilemba kimefungwa ovyo, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyelala siku tisa ameketi. Ukanda wa sandali ya kushoto ulishikizwa kwa uzi mweusi.

"Bula? Weye njo huyu?"

"Njo miye, Bula mwenyewe. Unatoka wapi?"

"Kongolo. Siku tisa. Usiniulize kitu mpaka nioge."

"Na bwana wako, mzee Abdallah, hajambo?"

"Alikufa, mwaka wa sita huu. Hata hilo nilisema uniulize nikiisha kuoga."

"Pole, Mwa."

"Asante. Miaka ishirini na tatu hakuna muntu ameniita Mwa." Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Mutoto wangu Mounira anaolewa hapa Jumamosi. Nimeambiwa uko na studio. Nilikuwa nikutafute kesho, na weye umenianzia kwa kukanyaga samaki."

Akafungua mkoba, akatoa kanda ya zamani iliyofungwa ndani ya mfuko wa sukari. "Mama yangu iko ndani humu. Unakumbuka?"

Bulaimu alikumbuka. Ni yeye aliyeirekodi, mwaka wa elfu mbili na moja, katikati ya vita, kwenye arusi ya dada yake Mwanvua. Mama Latifa aliimba wimbo wa kumtoa bibi arusi ndani ya nyumba, na waliokuwapo wanaapa kwamba hata askari waliokuwa kwenye kizuizi cha barabara waliinamisha bunduki wakapangusa makamasi. Mama Latifa alifariki mwaka uliofuata.

"Nataka amtoe mujukuu wake kwa sauti yake," Mwanvua alisema. "Mounira hakumujua. Lakini kanda imeharibika, inalia sawa na kifaranga. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Bulaimu, ambaye hakuwa na hakika.

Kesho yake, Jumanne, Mwanvua aliingia studio ameoga, amejifunga khanga ya kijani juu ya gauni la mikono mirefu, ananukia udi. Studio ilikuwa chumba kimoja karibu na mto, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro yaliyopasuliwa. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta moja, na hiyo kompyuta ilihema kama mzee apandaye kilima.

Bulaimu alikuwa ameshaihamisha kanda ndani ya kompyuta. Akabonyeza. Mama Latifa akaanza kuimba kwa sauti ya msichana. Baada ya dakika moja akawa mtoto, baada ya tatu akawa kifaranga, na mwishoni, wimbo ulipokwisha, kulikuwa na mlio mwembamba tu, kama panya aliyebanwa na mlango.

"Watoto wangu walikuwa wanacheka wanaanguka," Mwanvua alisema. "Nikaificha."

"Nimejaribu kuipunguza mwendo. Nikiishusha kwa kipimo kimoja, mwanzo unakuwa sauti ya ng'ombe na mwisho bado kifaranga. Mwendo unabadilika njia yote. Lakini angalia." Akafungua barua ya tangazo kwenye kioo cha kompyuta. Saa nyekundu ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. "Hii plagini ninayo, toleo la tatu. La nne limetoka, linajua kufuata kanda iliyopotea mwendo na kuinyoosha."

"Plagini njo nini?"

"Ni kadude kanaingia ndani ya programu ya kurekodia. Kengine kanasafisha sauti, kengine kanaweka mwangwi sawa uko ndani ya kanisa kubwa, kengine kanafanya gitaa moja linasikika sawa kumi."

"Na weye uko nazo ngapi?"

"Mia moja na arobaini."

"Unazitumikisha ngapi?"

Bulaimu alikohoa. "Tano."

"Na zile zingine?"

"Zilikuwa na punguzo."

Mwanvua alicheka kwa mara ya kwanza tangu Kongolo, akacheka mpaka akashika ukuta wa trei. "Papa Studio! Mi nauza vitenge. Kila mwezi nabandika karatasi kwenye mlango: leo siku ya mwisho. Hiyo siku ya mwisho iko na dada zake kumi na mmoja kila mwaka. Wanawake wanakimbia, wananunua rangi wasiyoipenda, wanaenda kuiweka kwenye sanduku. Ulinunua mia moja thelathini na tano za kuweka kwenye sanduku?"

"Muntu hajui atahitaji nini."

"Basi jibu sawa muntu anayejua. Toleo la zamani linashindwa nini?"

"Hili la kanda."

"Na jipya linaliweza?"

"Wanasema."

"Nani wanasema? Wenye kuuza?"

"Wenye kuuza."

"Na kompyuta yako italibeba? Hiyo inahema hivyo, mi nafikiri iko na mimba."

"Italibeba polepole." Bulaimu naye alikuwa anacheka sasa, na uchovu wa miaka mingi ulikuwa unamtoka mabegani kama vumbi la kanzu. Akavuta kiti karibu na chake. "Bei yake ni dola mia moja tisini na tisa. Leo ni hamsini na tisa, mpaka Alhamisi saa tisa alasiri. Lakini mwaka jana, saa za mwisho, walishusha mpaka thelathini na tisa. Mi nasema tungoje Alhamisi."

Kicheko cha Mwanvua kilikatika.

"Tungoje," alirudia, taratibu.

Neno hilo aliwahi kulisikia. Wakati wa vita Kindu ilikuwa kisiwa. Treni hazikuja, barabara zilifungwa, na baiskeli zilizothubutu kwenda Kailo zilirudi bila mwenyewe, au mwenyewe alirudi bila baiskeli. Chumvi ilifika kwa ndege. Ndege ikikosekana mwezi, watu walilamba majivu ya magugu ya mto. Na kuna mtu, jina lake linahifadhiwa kwa heshima ya familia, aliyepangisha kitunguu kilichopikwa na chumvi, kikapita sufuria hadi sufuria nyumba saba na jioni kikarudi kwake. Bulaimu alipomposa Mwanvua, baba wa binti alisema hataki fedha, fedha haikolezi mchuzi. Alete chumvi. Bulaimu alikuwa nayo kilo mbili, lakini alisikia kwamba ndege itakuja wiki ijayo na bei itaanguka. "Tungoje," alimwambia Mwanvua, "nitaleta sita, baba yako aone mimi ni muntu." Ndege haikuja wiki ile, wala ya pili. Abdallah, mfanyabiashara wa Kongolo, alikuja na kilo sita mkononi, na akaondoka na Mwanvua.

Mwanvua alisimama, akavuta khanga kichwani.

"Mwa, umekasirika?"

"Hapana. Nimechoka tu. Miaka ishirini na tatu, na weye bado unangoja ndege."

"Siyo vile! Sikiliza..."

"Ile mara nilikuwa mimi. Leo njo Mama. Ishirini dola, Bula. Unampima Mama yangu na ishirini dola."

Akatoka. Hakujua kwamba hizo dola ishirini Bulaimu alikwisha kuzipangia viatu, namba thelathini na tisa, kwa sababu ya ule uzi mweusi aliouona stesheni. Na Bulaimu hakumwambia. Tabia yake ilikuwa hiyo siku zote: alingoja ili alete kikubwa zaidi, na aliona haya kusema hivyo.

Jumatano Bulaimu alipanda mpaka chini ya mnara wa simu, mahali ambapo mtandao una nguvu kidogo na watu huketi kwenye mawe, kompyuta magotini, kama wanaoota jua. Alipakua toleo la nne la kujaribu, lile la siku kumi bila malipo, ambalo kila nusu dakika hukata sauti ili kukukumbusha kwamba hujalipa. Kazi hiyo ilimla siku nzima. Alipoliingiza, lilinyoosha kanda kweli. Kifaranga kikatoweka, wimbo ukatembea wima kutoka mwanzo hadi mwisho. Akampigia simu Mwanvua, akaweka simu mbele ya spika.

"Unasikia?"

"Huyu nani?"

"Mama yako."

"Hapana. Mama yangu hakuwa na sauti ya muntu anayetangaza ndege."

"Lakini iko safi, Mwa. Sikiliza, hakuna hata..."

"Njo neno hilo. Haiko kitu. Mvua iko wapi? Siku ile ilikuwa mvua. Na Mama alikuwa anatetemesha sauti hapa mwisho wa mustari, weye mwenyewe ulikuwa unamuiga. Imeenda wapi?"

Bulaimu alisikiliza tena, akafumba macho. Ilikuwa kweli. Programu ilikutana na mtetemo wa Mama Latifa, ikadhani ni ugonjwa wa kanda, ikaunyoosha nao.

"Labda nikilipa..."

"Ukilipa itaacha kukatika kila nusu dakika. Itakuwa muntu wa ndege asiyekatika." Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo lilimuuma Bulaimu zaidi. "Asante kwa kazi yako, Papa Studio. Kesho nitakuja kuchukua kanda. Mounira atatoka na sauti ya mashangazi wake, hawajui kuimba lakini wako wazima."

Alhamisi saa sita mchana alikuja. Gauni la kijivu, hakuna udi. Bulaimu alikuwa ameketi mbele ya saa nyekundu: saa mbili na dakika hamsini na nane zilibaki. Bei ilikuwa imeshuka mpaka thelathini na tisa, kama alivyobashiri, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Hakuwa na furaha ya mtu aliyebashiri sawa.

"Ninanunua," alisema bila kugeuka. "Sitangoja tena."

"Juu ya nini?"

"Uone kwamba sipimi."

"Ooh, Bula." Mwanvua aliketi. "Kile kinakosekana, wao wanakiuza?"

Bulaimu alifikiri. "Hapana."

"Basi ondoa kidole. Kununua haraka juu ya aibu na kungoja juu ya bei, yote njo kukimbia mbele ya ile saa yao. Nipe kanda yangu niende."

Aliinuka kuichukua rafuni, na mkono ukakuta kitu nyuma yake: redio ya kaseti, ya bei rahisi, nyeusi, mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Hii ungali nayo? Njo hii ulirekodi Mama?"

"Njo hii. Siku ile nilihangaika na mabuye." Mabuye, ndivyo wanavyoyaita kule mawe ya redio, yaani betri. "Yalikuwa yamekufa, Mama yako akayachemsha kwenye sufuria, akayaanika juu ya bati, akaniambia sasa yana roho kidogo..."

Mdomo ulibaki wazi.

"Nini?"

"Mwa. Mabuye yalikuwa yamechoka!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Yakichoka, mashine inatembea polepole. Siku ile ilikuwa inachelewa, na inazidi kuchelewa mpaka ikasimama. Kiisha mi nachukua kanda hiyo nacheza na umeme mupya, inakimbia. Kanda haiko na ugonjwa! Mi njo ninaicheza na nguvu mingi!"

"Sema sawa unasema na muntu mwenye njaa."

"Inataka mashine hii, na mabuye yaliyochoka sawa yale. Yachoke njiani pamoja nayo."

Kilichofuata kinasimuliwa Kindu mpaka leo, na kila msimulizi anaongeza nyumba mbili. Papa Studio, mwenye plagini mia moja na arobaini, alizunguka mtaa mzima akiomba mawe ya redio mabovu, na nyuma yake mwanamke wa gauni la kijivu ameshika sahani. "Sitaki mazima!" alikuwa anakataa. "Mama Odette, hayo yanawaka bado, rudisha." Kwa mwalimu Anaclet walitoa mawili kwenye saa ya ukutani iliyosimama tangu uchaguzi. Mengine yalitoka kwenye tochi, kwenye gari la kuchezea, kwenye redio ya mlinzi. Watu walicheka wakashika milango. Mwanvua naye alicheka, sandali ikakatika uzi, akaendelea mguu mmoja peku.

Walirudi na mawe kumi na saba, wakayaonja moja moja kwenye balbu ya tochi kama wanaonja pilau, wakachagua sita. Bulaimu aliunga waya kutoka redio hadi kompyuta. Akabonyeza kitufe cha redio. Bado msichana.

"Yangali na nguvu kushinda yale ya siku ile," alisema. "Tuyaache yacheze kanda ingine, yachoke."

"Kwa hiyo tungoje?" Mwanvua alimkata jicho.

"Tu... ndiyo. Samehe."

"Hii nitangoja. Hii iko na mwisho."

Wakaketi sakafuni, migongo kwenye godoro lililopasuliwa, redio ikipiga muziki wa zamani uliokuwa unazidi kulegea. Hawakuwa vijana. Goti moja la Bulaimu lililia alipolikunja, na la mwenzake likajibu. Mwanvua alimsimulia Abdallah, mtu mwema, mwenye haraka katika kila jambo hata kufa. Bulaimu alimsimulia miaka yake, na ilikuwa mifupi kusimulia. Kisha akasema, akiangalia mguu mtupu wa Mwanvua, "Zile ishirini dola zilikuwa viatu."

"Viatu gani?"

"Vyako. Niliona uzi."

Mwanvua aliukunja mguu huo chini ya gauni. "Na zile kilo mbili? Ulikuwa nazo kweli?"

"Nilikuwa nazo. Niliona ni kidogo kwako."

"Mwanaume huyu," aliiambia redio, "anaona kila kitu isipokuwa muntu."

Muziki ulipofika kiwango cha mtu anayesinzia, Bulaimu alibadilisha kanda na kuanza kurekodi. Mvua ikanyesha juu ya bati la mwaka elfu mbili na moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Na Mama Latifa akafungua kinywa, akaimba kwa sauti yake, nene, ya mwanamke aliyekaanga samaki miaka arobaini, na mwisho wa mstari ikatetemeka pale pale. Mwanvua aliziba mdomo kwa viganja viwili. Mawe yalizidi kuchoka, na kanda nayo, zikienda sambamba kama wazee wawili wanaoshikana mikono kuvuka barabara.

Wimbo ulikwisha. Bulaimu alinyoosha mkono kuzima.

"Acha," Mwanvua alisema. "Ule mulio wa panya."

Panya hakuwepo. Kulikuwa na mvua, hatua za mtu, na Mama Latifa karibu sana na mashine, ananong'ona:

"Bulaimu, mwanangu. Umeacha mashine hapa mpaka asubuhi, na najua unasikilizaka kila kitu unarekodi. Mama mukwe haongei mahari na muntu anayeposa, ni aibu, kwa hiyo siongei na weye, naongea na mashine. Acha kungoja ndege. Lete hata kijiko kimoja. Jikoni ni kwangu. Nitasema kilikuwa gunia, nani atakuja kupima? Lete kesho, maana huyu wa Kongolo..."

Mashine ilisimama. Mawe yalikuwa yamekufa kabisa, ya siku ile na ya siku hii.

Wote wawili walitazama redio. Asubuhi ile ya zamani Bulaimu alikuja kuchukua mashine yake, na kwa adabu akamwachia Mama Latifa kanda kama zawadi. Hakuisikiliza. Mama Latifa akadhani ameisikia na amekataa.

"Alikufa anakukasirikia," Mwanvua alisema, machozi yakitiririka. "Kila ukitajwa anasema: yule ana masikio ya bure."

"Alisema kweli," Bulaimu alisema, na sauti yake ilitetemeka bila mtu wa kuinyoosha.

Kwenye kioo saa nyekundu ilikuwa imefika sufuri. Hakuna aliyeiona.

Ijumaa asubuhi barua nyingine iliingia: kwa ajili yako, mteja wetu mpendwa, tumeongeza siku tatu. Bulaimu aliisoma, akaifuta bila kinyongo. Programu si mbaya. Siku akiletewa kanda ya hotuba ya mbunge, ambako hakuna cha kupotea, atainunua.

Jumamosi Mounira alitoka mlangoni kwa sauti ya bibi yake, mvua ikinyesha ndani ya spika na jua likiwaka nje. Wazee wawili walifungua miavuli. Bibi arusi alisimama kizingitini akageuza shingo kutafuta aliyekuwa anaimba.

Jioni, vyombo vikioshwa, Bulaimu alikuja uani alikofikia Mwanvua, amevaa kanzu, visikizio hana, begani amebeba mfuko. Akautua miguuni pake. Mwanvua alikuwa amevaa viatu vipya, namba thelathini na tisa, vilivyofika asubuhi bila barua.

"Njo nini?"

"Chumvi. Kilo sita. Sikuuliza bei, nimelipa tu. Mwenye duka alishtuka, akataka kunipunguzia, nikakataa."

Mwanvua aliutazama mfuko, akamtazama yeye, akaanza kucheka kicheko kilekile cha kushika ukuta.

"Bula. Niko na presha. Daktari amenikataza chumvi mwaka wa tatu huu."

Bulaimu aliketi juu ya mfuko wake kama mtu aliyeshuka treni. "Basi sijui tena nilete nini," alisema kwa uchovu wa kweli. "Useme weye."

Mwanvua aliingia jikoni. Alirudi na kijiko kidogo cha chai, akamsogeza Bulaimu pembeni, akafungua mfuko, akachota kijiko kimoja, akakisawazisha kwa kidole ili kisizidi. Mfuko uliobaki akawaita mashangazi waje wagawane.

"Hiki ninaweza," alisema, akakifunika kwa kiganja. "Atakayeuliza, mwambie lilikuwa gunia."